Mirindi Ni Yangu

Sogeeni karibu nyote watatu, na weye Suhaib usikae huko mlangoni kama mgeni, maana ingawa si mie niliyekuzaa, ni mie niliyekuwa nikikutoa tongo asubuhi mama yako akiwa shambani, na haya nitakayoyasema yanakuhusu kuliko wenzako. Pumzi zangu si nyingi. Nyumba hino na mikarafuu baba yenu aligawa mwenyewe kabla hajafa, hapo sina la kuongeza. Ninachousia mie ni Mirindi. Mwalimu Conchesta atakuja Alkhamisi kutoka Gombani na karatasi zake, kitabu cha mashairi ya Wamirindi kinakwenda kupigwa chapa, na ameuliza mbele liandikwe jina la nani, langu au la Bi Duni, mke mwenzangu, mama yake Suhaib. Liandikwe langu peke yake, Khairiya binti Mmanga, na sababu nawaambia sasa ili asije mtu akanisemea nikishafukiwa.

Mirindi niliizaa mie. Talib, na weye Ummkulthum, mlikuwa wadogo, msimu wa karafuu, tumekaa ukumbini tunachambua, vidole vinawauma, mnalia, ndipo nikawaambia nyamazeni, chini ya hilo rundo la makonyo, vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, kuna nchi iitwayo Mirindi, watu wake wadogo kama makonyo yenyewe, nao hawazungumzi, wanaimba tu. Mkanyamaza. Kesho yake mkataka kujua wanaimba nini, ikabidi niwatungie mashairi, na mashairi yakataka sheria, nikaweka sheria kwamba Mmirindi halitamki jambo kubwa kwa jina lake, kwao ni aibu, hulitafutia kitu kidogo cha ndani ya nyumba kikalibeba. Mfalme wao ni kifuniko cha chungu, kwa sababu ndicho kinachopiga kelele na kazi inafanywa na moto. Mapenzi ni mbuzi ya kukunia nazi, unaikalia kwa raha na meno yake yako mbele yako. Wivu ni sindano iliyopotea mkekani, nyumba nzima hukaa kwa tahadhari na anayechomwa ni mwenye sindano. Talib ulikuwa unaimba hali huna meno ya mbele:

Kifuniko kinatweta, mchuzi haujaiva,
Mbuzi imekaa kimya, meno yake yanangoja.

Baba yenu Nyange, Mungu amrehemu, alikuwa akijibanza nje ya ukuta asikilize, nami nikijua yupo, nikipandisha sauti. Hizo ndizo siku nilizokuwa mke.

Kisha akamuoa Duni. Sheria inamruhusu. Duni akawa anakaa upande wa pili wa mkeka, anachambua, kimya, hatungi, haimbi, kazi yake safi, mpole wa kupitiliza, na hilo lilinikera zaidi maana nilitamani awe na kasoro ya kushika. Akazaa mtoto wa kike, Laila, kabla yako weye Suhaib. Mtoto akafikia umri wa kukaa nasi mkekani, homa ikamchukua.

Matanga yalipokwisha tukarudi kwenye karafuu, maana karafuu hazingojei mtu, na weye Ummkulthum ukauliza mbele za watu wote, Laila yuko wapi. Nami niliyekuwa na nchi nzima mdomoni nikakosa la kusema. Katika Mirindi yangu hakuwahi kufa mtu, sikuwa nimelifikiria. Duni, bila ya kuinua kichwa, akasema, "Kaenda kuazima chumvi." Basi, ni hayo tu. Mkaelewa wote, watoto kwa wakubwa, chungu kiko motoni, mtu katumwa nyumba ya pili, hajarudi, na hakuna anayethubutu kuonja mchuzi. Huko nje ya ukuta nikamsikia baba yenu analia kwa sauti. Kwa maneno yangu alikuwa akicheka, akiguna, akisema ahsante Khairiya, lakini kulia hakupata kulia hata siku moja.

Nilimwonea wivu mwanamke aliyezika mtoto. Mnaniangalia hivyo kwa nini, niangalieni vizuri. Wakati ule sikuomba radhi na sasa siombi, maana aliingia nyumbani mwangu akachukua nusu ya mume, nikavumilia, kisha akaingia na huko nilikokuwa peke yangu.

Tangu siku hiyo neno likawa la mji mzima. Na weye Talib, siku baba yenu alipokufa, uliingia chumba cha pili ukampigia simu ami yenu wa Mkoani, na mie nimekaa hapa, namsikia mwanangu wa kumzaa anasema, "Ami, baba kaenda kuazima chumvi." Ami yenu, ambaye hajakaa mkekani kwetu, akajibu, "Haya, akirudi mwambie anipigie," akakata. Akaja kesho yake amemchukulia ndugu yake samaki, akakuta watu wanasoma hitima. Watu mpaka leo wanalihadithia hilo wakicheka, mie silicheki. Mume wangu amelala ameshaoshwa, na mwanangu alipotafuta neno hakukimbilia la mama yake.

Akaja huyu Mwalimu Conchesta, mtu wa Bara, mwenye adabu zake, akaniwekea simu hapa mbele inase sauti, nikamwimbia yote, siku nyingi, mpaka koo likakauka. Kisha akaenda jikoni akamuuliza Duni maneno mawili matatu. Aliponisomea alichoandika, nikasikia kwamba moyo wa ushairi wa Wamirindi ni chumvi. Nchi nzima nimeijenga mie, mwenzangu kaleta chumvi ya kuazima, naye ndiye moyo.

Kwa hiyo tangu nilale hapa kazi yangu ni moja, kutafuta kitu changu mwenyewe cha kubeba mauti, nimpe mwalimu Alkhamisi, ile chumvi itoke kitabuni. Nimejaribu ukili wa mkeka ulioachwa haujamalizika. Nimejaribu kata ya kuchotea maji iliyotumbukia kisimani. Nimejaribu leso iliyosahauliwa kwenye kamba. Vyote ni vizuri, vina mizani, na vyote vinasema mtu amekufa. Cha Duni hakisemi hivyo. Kinasema anarudi sasa hivi.

Nipeni maji. Kidogo, nilowe midomo tu.

Talib, kifuniko ni chako, kitunze, na ukipata cheo jiangalie humo. Ummkulthum, mbuzi ni yako, wafundishe wanao waikalie kwa adabu. Sindano msigawane, nitaondoka nayo. Suhaib, weye una la mama yako, mie sina la kukupa zaidi ya radhi zangu, nazo nakupa zote, sikupunguzii kwa ajili yake.

Yuko wapi mama yako? Najua, jikoni, ananipikia uji. Miaka yote hino hajapata kusema, "Lile neno ni langu, Khairiya, niachie." Angelisema mara moja tu ningepata pa kumkamata, tukagombana, tukamaliza.

Nimekuwa nikijiuliza... nikishaondoka, hiyo simu mtakapoipiga, mtasema nini. Mtasema ukili haukumalizika? Hamtasema. Nawajua. Nami wallahi sitaki mtu amwambie mtu kwamba mama kafa. Nataka mseme lile lile. Nimelitaka tangu siku ile, liwe langu, na si langu.

Basi sikilizeni la mwisho. Mnizike karibu na baba yenu, upande wa kulia, niliutaka mapema. Kaeni pamoja nyie watatu. Mwenyezi Mungu awafungulie kila mlango wa kheri, awape watoto wenye kusikiliza, na msilale mmoja wenu ana njaa na mwengine kashiba. Ummkulthum, nisomee Yasini, polepole, nikufuate.

Na Alkhamisi, Talib... mwalimu akija. Mwambie aandike na jina la Duni. Chini ya langu. Herufi ziwe ndogo.

Ndogo, mwanangu. Lakini zisomeke.