Mama Atiir wa Zimamoto Aaga Uwanja wa Ndege wa Lodwar

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Atiir Akuwam, msimamizi wa zamu ya zimamoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wengi wetu tulimkuta hapa, na tulidhani tungemwacha hapa.

Mzaliwa huyu wa Kakuma aliajiriwa kama msafishaji, enzi ambazo jengo la abiria lilikuwa chumba kimoja na benchi. Alipoomba kuhamia zimamoto, aliambiwa mpira wa maji ni mzito kwa mwanamke. Akajitwika begani, akauzungusha uwanja, akaurudisha, kisha akauliza mafunzo yanaanza lini.

Uwanja wetu una njia moja tu ya ndege, mji upande huu, malisho upande ule. Asubuhi moja ndege ilibaki ikizunguka angani kwa sababu ngamia alikuwa amesimama katikati ya njia. Mama Atiir alimfuata na gari la zimamoto, akapiga king'ora. Ngamia akaendelea kucheua. Ikabidi mwenyewe, Mzee Lomorukai, aletwe amwite kwa jina. Sisi tulicheka wiki nzima. Yeye alicheka siku hiyo tu, kisha akawazungukia wafugaji boma kwa boma hadi wakakubaliana mifugo ipite wapi. Ua wa uwanja ulipojengwa, hakuna aliyeukata.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa mwaka ule wa mafuriko. Maji yalikuwa yamekata barabara ya Kitale pale Kalemng'orok, na njia yetu ya ndege imejaa tope na mawe. Muuguzi Makuei alikuwa amemleta Aluong, mama aliyejifungua na hali yake ikazorota, kutoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Ndege ya wagonjwa ilisubiri Eldoret, nayo greda ilikuwa imezama topeni. Meneja wetu, Bw. Barasa, akaamua kufunga uwanja.

"Mkubwa, usifunge bado," Mama Atiir alimwambia. "Nipe watu."

"Watu nitawatoa wapi?"

"Si hao!" Akawaonyesha wasafiri waliokwama, akina mama wasuka vikapu langoni na waendesha bodaboda.

Bw. Barasa akavua viatu, akachukua sepetu wa kwanza. Tope likaondolewa kwa sepetu, fagio za makuti na mikono mitupu. Kisha Mama Atiir akatupanga bega kwa bega, tukatembea njia nzima tukiokota mawe. Tulipomaliza, akaturudisha tuanze upya. Tulilalamika, lakini tulirudi. Meneja akakagua, akaita ndege. Ikatua kabla ya adhuhuri.

Siku kadhaa baadaye, Makuei alipiga simu kusema Aluong amepona na anarudi kwa mtoto wake. Mama Atiir, ambaye hatukuwahi kumwona ameketi akiwa zamu, aliketi chini akalia.

Sasa anarudi Kakuma, ambako vibanda vya soko vimeungua mara nyingi mno. Tayari ameshawakusanya vijana wa bodaboda awafundishe kuzima moto. Nilipomuuliza kama hatapumzika kwanza, alinitazama kwa mshangao. "Nipumzike, moto nao umepumzika?"

Mama, umetulea kazini na umetuonyesha kwamba neno "haiwezekani" linastahili kujaribiwa kwanza. Asante sana. Mungu akujalie afya, akupe nguvu ya kazi iliyo mbele yako. Ejok noi, vyema sana! Na vijana wa Kakuma tunawapa pole mapema: Jumatatu mtabeba mpira.

Sally Jerotich, Dawati la Abiria