Mpigapicha Ngatia na Uso wa Mama Wakonyo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Anayekoroga uji aendelee kukoroga, lakini anisikie. Mimi ni Kefa Wasike, na leo katika kipindi chetu cha kumbukumbu namkumbuka mtu aliyenichosha kuliko watu wote niliowahi kuwapenda. Jina lake Moffat Ngatia, mpigapicha wa Nyeri. Alituacha mwezi uliopita, mwezi wa Mei, mwaka huu wa 1983. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Moffat Ngatia, mpigapicha wa Nyeri, hayuko nasi tena.

Najua marehemu husifiwa. Nitamsifu, msiwe na wasiwasi. Lakini kwanza niacheni nilalamike. Huyu mtu alikuwa na kichwa kigumu, jamani! Ulikuwa ukibishana naye, kinachouma ni kichwa chako wewe.

Nilimjua nikiwa mwalimu mgeni pale Nyeri, nimetoka kwetu Bungoma na koti jepesi, nikitetemeka kwa ile baridi ya Julai. Nilipanga chumba nyuma ya studio yake, karibu na soko. Yeye na mkewe Murugi walinilisha kama ndugu. Ngatia alipiga picha, Murugi alizisafisha katika chumba cha giza. Kazi ilikuwa ya watu wawili, ingawa jina mlangoni lilikuwa la mmoja. Hilo Murugi mwenyewe alinikumbusha juzi, na nimelisema kama alivyoniagiza.

Sasa, mnajua picha ya studio ilivyo kwetu. Mtu anavaa suti, anashika redio, anasimama wima. Miguu lazima ionekane. Ukimkata mtu miguu kwenye picha anakurudishia. Anakuuliza, "Kwani mimi ni kiwete?" Kila mpigapicha kutoka Nyeri hadi Kerugoya anajua hivyo. Ngatia pia alijua. Lakini akachoka na suti za kuazima na redio zisizo na betri. Akaanza kutoka na kamera kwenda vijijini kupiga watu kama walivyo. Na si mwili mzima, la. Uso tu! Anakusogelea mpaka unasikia pumzi yake, anachukua uso, miguu anaiacha nje.

Nilimwambia, "Ngatia, watakupiga."

Akanijibu, "Mwalimu, wewe fundisha hesabu."

Picha kubwa kuliko zote aliipigia Gakindu, kule Mukurweini, kwenye kiwanda cha kahawa. Palikuwa na mama mmoja anaitwa Wakonyo. Alikuwa ametua mzigo wa kahawa sasa hivi tu, na ule ukanda wa kubebea ulikuwa umeacha mfereji kwenye paji la uso. Mtu akasema kitu cha kuchekesha, mama akacheka, Ngatia akabonyeza. Wasikilizaji, niliiona ile picha ikitoka majini, Murugi ameishika kwa ncha za vidole. Nilisahau nilichokuwa nimekuja kusema. Ulikuwa uso wa mama aliyebeba vitu vingi na bado anacheka. 

Akaamua kufanya maonyesho. Mwaka 1974, katika ukumbi mmoja pale mjini. Maonyesho ya picha, si harusi, si mnada. Watu waliuliza, "Tutakula nini?" Yeye alikuwa amewahi kuona maonyesho ya namna hiyo Nairobi. Huko, chini ya kila picha palikuwa na namba, na mgeni anapewa karatasi, anatafuta namba, anasoma maelezo. Ngatia akaona hiyo ndiyo heshima. Akafanya vilevile. Nyuso za watu wa Gakindu zikapangwa ukutani kwa mstari, na chini ya kila uso, namba nyeusi, kubwa.

Hapa nawaomba tuende polepole. Ngatia alizaliwa Mukurweini, lakini miaka ya Hali ya Hatari hakuwa nyumbani. Babake alikuwa amempeleka shule ya bweni huko Ukambani, na alirudi mambo yamekwisha. Kambi za wakoloni walimofungiwa watu hakuziona. Murugi aliziona. Alikuwa msichana mdogo. Alimwambia mumewe, na haya ni maneno yake: "Nilimwambia, Baba Kagure, toa hizo namba. Watu wetu hawapendi uso na namba. Akaniambia ati wataelewa, ni mambo ya kisasa." Mambo ya kisasa! Mke wako anakwambia kitu kutoka ndani ya roho yake, wewe unamjibu mambo ya kisasa.

Siku ikafika. Lori la chama cha ushirika likawaleta watu wa Gakindu, wamevaa nguo za kanisani. Walishuka wakicheka. Waliingia ukumbini. Kicheko kikakatika.

Mimi nilikuwa mlangoni nikigawa karatasi. Sikuelewa. Niliona tu wazee wamesimama katikati ya ukumbi, wamebanana, hakuna anayetaka kusogea ukutani. Ngatia hakuona kitu. Alikuwa na furaha kupita kiasi. Akamshika Mama Wakonyo mkono, akamvuta hadi kwenye picha yake, akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mama, wewe ndiye namba saba!"

Ai, Ngatia.

Mama Wakonyo alimtazama. Akasema, "Kijana, mimi nilipigwa picha mara ya kwanza kambini. Walinipatia kibao ya namba, nikashika hapa kifuani. Uso peke yake, kama hii yako. Nilikuwa nafikiria hiyo namba iliisha." Akanyoosha mkono, akaitoa picha ukutani, akaiweka ndani ya shuka yake. Ngatia akapiga kelele, "Mama, hiyo picha ni yangu!" Akajibiwa, "Na uso ni ya nani?" Mama akatoka. Wengine wakamfuata, kila mtu na uso wake kwapani. Kabla ya mchana ukuta ulikuwa umebaki na misumari na namba tu.

Kosa lilifanyika. Sawa. Makosa hufanyika. Unaenda, unaketi, unasema pole, yanaisha. Sivyo? Kwa mtu wa kawaida ndivyo. Kwa Ngatia ilichukua miaka tisa. Narudia, miaka tisa, kutoka 1974 mpaka mwaka huu, kwa sababu ya neno moja la silabi mbili!

Na hapa ndipo aliponimaliza nguvu. Alikuwa bado na filamu zote. Angeweza kusafisha picha ya Mama Wakonyo upya na kuitundika popote. Watu walimwita Kerugoya, akakataa. Walimwita Nanyuki, akakataa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikitundika bila ruhusa yake, niko na tofauti gani na wale wa kambi?" Mnaona? Alielewa! Alielewa vizuri kabisa. Nikamwambia basi nenda ukamwambie pole, upate ruhusa. Akasema, "Nitaenda nimweleze." Si pole. Amweleze!

Nilimsindikiza safari moja. Ngatia kaenda na kamera shingoni. Mama Wakonyo katukuta langoni kwake. Ngatia akaanza, "Mama, ile namba ilikuwa ya mpangilio. Mgeni akiingia, anaangalia karatasi..." Haki ya nani, alikuwa anamfundisha mama wa watu kusoma maonyesho! Nilimkanyaga mguu. Hakusikia.

Mama akasema, "Kwanza weka hiyo kitu chini."

Ngatia akashika kamera. Akatazama vumbi. Akasema, "Itaingia mchanga, mama."

Lango likafungwa. Tukarudi Nyeri tumenuniana njia nzima, na bado aliniuliza tulipofika kama nilifikiri mama amelainika kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, nilihamishwa baadaye, nikaja huku redioni, lakini tuliandikiana. Kila barua ilikuwa ni Mama Wakonyo. Bila uso ule hakuna maonyesho, ndivyo alivyokuwa akisema. Alizeeka akingoja kitu ambacho kilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Nawauliza, kuna ukaidi gani zaidi ya huo?

Mwezi wa Mei mwaka huu akaenda. Safari hii alienda peke yake, na kamera akaiacha mezani. Murugi aliiona pale akashtuka, akafikiri amesahau. Alikuwa ameanza kusumbuliwa na moyo, lakini hakuwa amemwambia mtu, kwa vile alikuwa Ngatia. Yaliyotokea Gakindu alinisimulia Mama Wakonyo mwenyewe. Nanukuu: "Alikuja mikono mitupu. Nikampatia uji. Akakunywa yote. Halafu akasema, mama, pole. Niliangalia kando, kwa sababu alikuwa anatoka machozi na ni mwanamume."

Pole ikasemwa. Miaka tisa, na ilisemwa kwenye kikombe cha uji.

Mama akampa masharti. Picha ya uso itabaki kwake. Si ya ukuta. Lakini aje siku ya Alhamisi na kamera, ampige amesimama, mzima, na miguu yake. Hiyo ndiyo atakayotundika. Nikamuuliza mama, Ngatia alijibu nini? Akacheka. "Aligeuzageuza kikombe. Nikajua inamuuma. Halafu akasema sawa."

Jumatano jioni moyo wa Ngatia ukasimama. Alikuwa anafuta lenzi. Murugi alimkuta kwenye kiti.

Na kule Gakindu hakuna aliyejua. Mama Wakonyo hana redio. Alhamisi alivaa gauni la kanisani, akavaa viatu, akaketi nje kungojea. Akangoja mpaka kahawa ya jirani ikaanikwa na kuanuliwa. Hakuna mtu. Sasa mfikirie alivyokasirika. Amemsamehe mtu, na mtu huyo anamdharau tena! Akalala na hasira, akaamka nayo, akapanda gari hadi Nyeri kuja kumtukana Ngatia kwa mdomo wake mwenyewe. Alipofika kwenye studio akaelekezwa nyumbani. Alipofika nyumbani akakuta viti nje, na wanawake wanapika kwa sufuria kubwa.

Murugi anasema mama alisimama langoni, akatazama viti, akatazama sufuria. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa maneno, "Sasa nani atanipiga picha?"

Tulimzika Ngatia Jumanne. Mvua ilinyesha na mahubiri yakawa marefu. Kesho yake, wasikilizaji, Murugi akachukua ile kamera. Murugi, aliyesafisha picha nyingi maishani kuliko nywele za kichwa changu, na hajawahi kupiga hata moja. Nduguye Ngatia, Kingori, alimkataza. Mjane hatembei hivyo matanga hayajapoa. Murugi akamwambia, "Hiyo ni ahadi ya Baba Kagure. Wewe utaenda kuitimiza?" Kingori akakaa chini.

Akaenda Gakindu. Mama Wakonyo akasimama mbele ya nyumba yake. Murugi akabonyeza mara moja. Filamu ilikuwa imebaki nafasi moja tu.

Nimeziona picha zote mbili, zimelazwa mezani kwa Murugi. Moja ni ule uso wa mwaka 1974, ambao Murugi aliusafisha tena kutoka kwenye filamu ili nione. Nyingine ni hii mpya. Na ni mbaya, wapendwa! Sitawadanganya. Nyumba imeinama. Mama ni kivuli chenye viatu. Ngatia angefufuka abishane. Nilimsihi Murugi, nilipiga magoti karibu, nikamwambia dunia nzima inapaswa kuuona ule uso. Murugi akaniambia, "Mwalimu, nyamaza." Akaichukua picha ya uso, akaichana vipande, mbele yangu. Filamu yake ameipeleka Gakindu kwa mwenyewe.

Ile mbaya ameionyesha kwa Mama Wakonyo. Mama aliitazama kwa makini, akahesabu viatu vyake, kimoja, viwili. Akasema, "Hapa niko mzima. Weka hii."

Basi maonyesho yatafunguliwa Jumamosi hii, pale pale Nyeri, na namba hakuna, ni majina. Baadhi ya watu wa Gakindu wameleta nyuso zao. Wengine wamekataa, na hakuna atakayewauliza. Picha bora kuliko zote alizopiga Moffat Ngatia haitakuwepo. Inanichoma, nasema wazi, na sijui nitaizoea lini.

Kwako Murugi, kwako Kagure binti yake, kwa Kingori na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu Kerugoya au Doldol au nyumba ya pili anayengoja neno lako, usingoje kuchagua siku. Nenda na mikono mitupu.

Na mkifika ukumbini Jumamosi mtaiona picha moja imetikisika, imepinda, haieleweki vizuri. Msicheke. Mkono haukuwa na kosa. Aliyeipiga alikuwa analia.