Mama Vibati na Gia ya ROW

Na Dianah wa Stoo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi. Ndanu Kaloki atafunga droo ya nyundo zake ndogo, avue aproni, na kutoka kwenye lango la karakana yetu ya Ruiru akiwa mstaafu. Ametumika miaka ishirini na sita. Wengi wenu mtashangaa kusoma jina hilo, kwa sababu hapa hakuna anayemwita Ndanu. Kuanzia bosi hadi askari wa lango, sote tunamwita Mama Vibati, na hata mumewe, Mzee Mwau, akipiga simu ofisini huuliza kama Mama Vibati yupo.

Kwa wageni wa sherehe ya kumuaga, maelezo mafupi. Sisi hufufua magari ya zamani ya jeshi, malori hasa. Mafundi wa injini ndio husifiwa, maana injini ikinguruma kila mtu hupiga makofi. Lakini mbele ya dereva, kwenye dashibodi, kila gari la namna hiyo lina vibati vidogo vya chuma, shaba au alumini. Ndivyo vinavyosema gari liliundwa lini, gia zimepangwaje, mwendo usipite kiasi gani na mkono upi uvutwe ukikwama matopeni. Gari lisilo na vibati vyake ni kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Anatembea na kula vizuri tu, lakini akisimamishwa njiani hana la kusema.

Kazi ya Mama Vibati ni hiyo, kuvisafisha na kuvirudisha mahali pake. Alikuja kwetu kutoka duka moja la Thika, ambako alikuwa akichonga majina kwenye vikombe vya mashindano ya shule na kwenye misalaba ya makaburi. Alizoea kusema kwamba mwenye kikombe akiandikwa vibaya atarudi kugombana, lakini marehemu harudi, kwa hivyo ukikosea jina lake umekosea milele. Hofu hiyo alikuja nayo. Akapewa meza karibu na dirisha, na ole wako uweke kikombe cha chai juu yake.

Kibati kilichochakaa yeye hakibandui kwa bisibisi kama anayefungua kopo la rangi. Atapiga tupa ribiti, zile pini za chuma zinazokishikilia, kwa upande wa nyuma, polepole, huku akiimba nyimbo za kanisani. Kisha kibati kinalazwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Kikikauka, anakipaka chote rangi nyeusi, anapangusa kwa kitambaa alichokifunga kwenye kipande cha ubao, na rangi inabaki ndani ya herufi peke yake. Mara ya kwanza kuona herufi zikijitokeza hivyo nilisahau kabisa boliti nilizotumwa kuleta. Mwisho kibati kinarudi kwenye matundu yale yale ya zamani. Kutoboa tundu jipya kwenye dashibodi, kwake ni dhambi. Austine wa rangi alitoboa moja miaka hiyo, na mpaka leo akipita karibu na meza ile na drili mkononi anaulizwa anaenda wapi.

Sasa haki ya Mungu siwezi kuandika wasifu huu bila kutaja ROW.

Katika mwaka wake wa pili lilikuja lori la Mzee Idarous, mfanyabiashara wa mbao wa Thika. Kibati chake cha gia kilikuwa kimeliwa na kutu, ikabidi kichongwe kingine. Msimamizi wetu Ronny akapanda ndani na tochi, akawa anasoma mabaki ya maneno kwa sauti huku Mama Vibati akiandika mezani. Gia ya nguvu, ile ya kupandia mlima na kutokea matopeni, kwa Kiingereza huandikwa LOW. Ronny ni mtu wa Mugutha, na ulimi wake tangu utotoni haujawahi kuelewana na herufi L. Akasema "row". Mama Vibati akaandika ROW, akidhani ni habari ya safu za gia.

Kwa vile ni mtu makini, akamsomea tena ili athibitishe. Lakini Mama Vibati ni Mkamba, na kwake R hugeuka L kabla haijatoka mdomoni. Akasoma "low". Ronny akasikia sawasawa kabisa, akajibu kwa nguvu kwamba ndiyo hiyo hiyo, piga kazi. Hivyo ndivyo kosa lilivyopita mara mbili mbele ya watu wawili wenye akili timamu, likachongwa, likatiwa rangi na kupigwa ribiti nne.

Mzee Idarous alirudi baada ya siku chache akiwa amecheka hadi machozi. Mama Vibati hakucheka hata kidogo. Alishika kichwa, akasema "Wuui!" na kumsihi aache lori mpaka jioni. Mzee akasema ana mbao za kupeleka, atalileta wiki ijayo, inshallah. Wiki ijayo hiyo haikufika. Kila alipotumiwa salamu alikuwa na udhuru mpya, mara mvua, mara harusi, mpaka uhai wake ukaisha.

Tangu siku hiyo karakana hii ina sheria. Hakuna neno linalosomwa kwa sauti bila kutajiwa mji: R ya Ruiru, L ya Limuru. Mgeni anayetusikia mchana kwa mama wa chakula tukiagiza wali wa L ya Limuru hudhani tumechanganyikiwa. Na kuhusu nani hasa alikosea, Ronny na Mama Vibati wamekuwa wakishitakiana kila chai ya saa nne, na hakuna hakimu aliyepatikana.

Kwetu yalikuwa mambo ya kucheka. Kwake hayakuwa hivyo. Kati ya vibati vyote alivyofunga, hicho ndicho pekee kilichokuwa kikisema jambo la uongo, na kilitoka mkononi mwake. Mwaka huu alipopewa tarehe ya kustaafu alitwambia waziwazi kwamba hataki saa ya ukutani wala blanketi. Anachotaka ni ROW ing'olewe kabla yeye hajatoka. Alisema hawezi kwenda kulala usingizi mzuri nyumbani kwake Gatuanyaga akijua ameacha aibu yake ikizunguka barabarani.

Tukalitafuta lori. Lilikuwa Ngoingwa, kwa Tausi, binti wa marehemu, na kwa bahati lilihitaji breki. Tausi alilileta mwenyewe, akiliendesha kama aliyezaliwa ndani yake. Mama Vibati alikuwa ameshachonga kibati kipya, LOW, herufi safi utafikiri zimetoka kiwandani. Alipanda na tupa yake, akaketi kwenye kiti cha dereva. Hapo Tausi akamshika mkono.

Alitueleza akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori. Baba yake alimfundisha udereva kwa gari hilo, na kila walipofika mlimani alimwambia aweke row, asishindane na mlima. Neno likaingia nyumbani. Mtoto akibugia chakula, anaambiwa ale row, yaani polepole. Mzee alipougua na miguu ikakataa, Tausi ndiye aliyekuwa akimshika kiunoni kumpeleka uani, hatua kwa hatua, akimwambia, row, Baba, row. Tukaelewa kwa nini ile wiki ijayo haikuwahi kufika.

"Ukitoa hiyo, Mama," akasema, "nitabaki na lori tu."

Sisi tulikuwa tumejipanga chini na spana zetu. Mama Vibati aliitazama ROW, akaitazama LOW iliyokuwa mapajani mwake. Halafu akaniagiza nilete rangi nyeusi na kitambaa.

Aliisafisha ROW kwa mswaki wake, akaitia rangi upya, akapangusa mpaka herufi tatu zile zikang'aa. Ribiti moja ilikuwa imelegea. Akaibadilisha katika tundu lile lile. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, na alimwambia Ronny kwamba kesi imefungwa, washtakiwa wote wawili waende nyumbani. Tausi alimkumbatia na mafuta yote yale ya aproni. LOW sasa iko kwa Magdalene, anayerithi meza ya dirishani, na ameshaonywa kuhusu vikombe vya chai.

Mama Vibati, umetufundisha kutoharibu kilichokuwepo kabla yetu. Umetugombeza tukastahili, na ukatugawia mihogo yako hata siku ulizotugombeza. Tutakukosa vibaya sana, na ninaandika hivyo bila aibu.

Zawadi yako ni kibati cha shaba cha kufunga mlangoni kwako Gatuanyaga, kimechongwa na Magdalene. Kina jina lako na chini yake neno moja. Ronny alilisoma kwa sauti, sote tukalikagua kwa macho. Mlango ni wako na hauna matundu ya zamani, kwa hivyo toboa mapya bila wasiwasi.

Asante kwa yote, wewe na Mzee Mwau na mbuzi wenu. Barabara ya huko ina vumbi na mawe, na hakuna tena lango la kuwahi asubuhi. Weka row, Mama. R ya Ruiru.