Victor Okwach, Fundi Aliyezika Hewa Chini ya Bahari (1958–1999)

Victor alizaliwa hapa Shirati tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa Mama Aoko na marehemu Mzee Okwach. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Mwanza, akahitimu ufundi mitambo mwaka 1980. Alikuwa mbishi tangu utotoni: ukimwambia sufuria ni ya moto, lazima aiguse.

Alimwoa Akumu mwaka 1983. Alifanya kazi kiwandani Nyakato, Mwanza, hadi 1993, kilipobinafsishwa na mafundi wakarudishwa nyumbani. Hakukaa kulia. Alikwenda Norwei, akaajiriwa kwenye jukwaa la gesi katikati ya bahari. Gesi ile ilitoka chini imechanganyika na hewa ukaa, ile inayozidi kuipasha dunia joto ikiachiwa angani. Mwaka 1996 Victor na wenzake walianza kuitenga na kuishindilia kwenye mchanga, chini kabisa ya sakafu ya bahari, ibaki huko. Likizoni alipomweleza mama, mama alishika kiuno.

"Mnazika pumzi? Na ikitaka kutoka?"

"Ndiyo maana tunaisikiliza, mama," Victor alicheka.

Desemba hiyo helikopta yao ilianguka baharini. Taarifa ikaja kwamba mwili wa Victor haukuonekana. Kwetu Waluo, aliyepotea hivyo haachwi bila kaburi: tulizika tunda la yago, yaani mwegea, badala yake, tukalia, tukanyoa nywele. Kumbe meli ya wavuvi ilimwokota, yuko hospitali ya ugenini hajitambui! Mei 1997 akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Mwanangu nimemzika," alisema kutoka ndani. "Wewe nenda zako."

Sisi wengine tulikimbia, tusidanganyane. Wazee walitaka tunda lifukuliwe ili Victor awe huru. Mama akakataa katakata: alilisikia kaburi likipumua kila asubuhi. Victor akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya kaburi kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso ulikuwa umembadilika.

"Msifukue," alisema. "Kilichoshindiliwa kikatulia hakifunguliwi."

Hakumwambia mtu alichosikia.

Alihamia Igogo, huko huko Mwanza, akawa fundi wa majokofu ya viwanda vya samaki. Kila Pasaka na Krismasi alikuja kumwamkia mama, na kila mara mlango ulibaki umefungwa. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wowote.

Februari mwaka huu pumzi ilianza kumpungukia, bila homa wala kikohozi, na madaktari hawakuona kitu. Alifariki tarehe 9 Agosti asubuhi, mikononi mwa Akumu. Kabla habari haijafika Shirati, mama alikuwa ameshawaambia majirani kwamba kaburi limenyamaza.

Ameacha mjane, Akumu. Watoto, Precious na Nathaniel. Na dada, Justa, anayewasomea haya. Leo, kaburi lake likichimbwa kando ya lile la kwanza, mama alitoka nje, akamshika Justa mkono.

"Kwenye wafiwa," alisema, "na mimi nisomwe."

Basi tunasoma: ameacha na mama yake mzazi, Aoko. Victor, mlango umefunguliwa. Pumzika kwa amani.