Mwalimu Manase Mwalongo na Namba 98,089,207

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Manase Mwalongo alizaliwa Kifanya tarehe 14 Aprili 1904, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa mama yake alishikilia kwamba ulikuwa wakati wa kuvuna ulezi, nasi tumefuata cheti bila kumkanusha mama. Aliingia shule ya misheni mwaka 1913, vita vikamkatiza, akahitimu ualimu Desemba 1925, akafundisha Njombe miaka tisa, na kuanzia Januari 1935 Makambako, hadi nguvu zilipomwishia. Tarehe 12 Oktoba 1929 alifunga ndoa na Tabea, wakajaliwa watoto wanne, ambao watatu wapo hapa na mmoja alitangulia.

Jumanne, tarehe 3 Juni 1941, akifundisha namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, aliandika ubaoni 98,089,207, akasema hiyo nayo ni tasa. Mwanafunzi wake Sila, ambaye leo yumo miongoni mwetu, aliuliza, "Mwalimu, umezijaribu zote?" darasa likacheka, naye akajibu, "Kaa chini, mwana wa Festo, mwalimu ni mimi." Kwa kweli alikuwa amejaribu kugawanya hadi kwa 97 tu, na jibu lile likamnyima raha, kwani aliona amemfunga mtoto mdomo kwa cheo badala ya ushahidi, akamwahidi mkewe kwamba atazijaribu zote, kisha atampelekea Sila jibu.

Zilihitajika namba tasa 1,221, ya mwisho ikiwa 9,901, maana kigawanyo chochote kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo aliyekwisha kujaribiwa. Kila Jumamosi, akitoka shambani hoi, alijaribu mbili, na kila moja aliirudia, Mama Tabea akimtania kwamba ameoa mke wa pili asiyejua hata kusonga ugali.

Kifua kilimshika Januari 1953, akalazwa Njombe, akafariki Jumatano, tarehe 19 Agosti. Daftari lake linaishia kwenye 9,887, ikiwa imebaki namba moja tu, wala hatuna ushahidi kwamba aliwahi kuijaribu. Jana mchana tuliijaribu sisi, na 9,901 ikaingia mara 9,907 bila baki, tukarudia mara tatu, kisha tukampa Mwalimu Marcelino wa misheni ya Wakatoliki bila kumwonyesha jibu letu, naye akapata lilelile.

Wapo wa ukoo walioshauri tunyamaze kwa heshima ya marehemu, lakini Mama Tabea alisema, "Miaka kumi na miwili amechoka kwa ajili ya jibu hili, nanyi mnataka kulifukia pamoja naye? Lisomeni." Basi, Sila, kwa niaba ya mwalimu wako, namba ile si tasa, yeye alikosea, na swali lako lilikuwa halali.

Familia inawashukuru waganga waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, pamoja na walimu wenzake waliomshikia zamu miezi yote ya ugonjwa.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Manase, jibu limefika.