Siku Niliyojibu "Nina Jambo"

Wenzangu, niwieni radhi nizungumze nimekaa. Nikisimama, nitatoka kwa mlango ule.

Mwenzenu nilikuwa nauza mahamri na mbaazi hapa Changamwe, asubuhi, kwa wanaoingia zamu za viwandani. Mume wangu alipofariki, nilizika, nikarudi jikoni wiki ile ile. Watu wakanisifu, "Mama yule ana moyo!" Moyo gani, jamani? Siku moja nikakanda unga, nikashindwa kuukata. Nikautazama mpaka ukaumuka ukamwagika sakafuni, nami nimekaa tu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kulala mchana, mlango nimeufunga. Jirani akigonga, "Hujambo?" nami kitandani, "Sijambo!" Akaenda zake. Ningemlaumuje? Nawaambia, ndugu zangu, sisi wa Pwani hata roho ikiwa inatoka tutajibu sijambo.

Dada yangu akaja kutoka Kiembeni, akamkuta binti yangu wa miaka saba anakula unga mkavu wa ngano. Akamfungia nguo. "Atarudi ukipona," akasema. Nilimtukana matusi nisiyoweza kuyataja humu. Walipoondoka, nyumba ilinyamaza, nikaona sina hata wa kumfokea. Nilimtaka mwanangu, basi.

Nikaenda kliniki, nikapewa vidonge, nikaambiwa maombi hayatibu. Kwenye maombi nikaambiwa vidonge ni kukosa imani. Nikaviacha vyote viwili, nikarudi kitandani.

Muuguzi mmoja wa kliniki ile aliona sirudi, akanifuata nyumbani. Mama mtu mzima, anahema kwa joto. "Hujambo, mwanangu?" Sijui ulimi uliteleza vipi. Nikasema, "Nina jambo." Niliona haya, maana nani hujibu hivyo? Hakucheka. Alivua viatu, akaketi mkekani. "Haya," akasema, "lilete hilo jambo."

Nililia mpaka kamasi. Wiki ile ile alirudi na mama mchungaji wa kule kwenye maombi na dada yangu, tukakaa wanne mkekani. Walibishana, msidhani! Mwishowe mama mchungaji akasema ataniombea nikishameza dawa, si kabla. Ndipo muuguzi akanigeukia, "Na wewe wataka nini?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasema nataka mtu akae jikoni nikikanda unga. Na mwanangu.

Jirani yangu akaja kukaa, kila alfajiri, kwa miezi. Asubuhi nyingine tulikanda, nyingine tulikaa tu bila neno. Mtoto akawa analetwa Jumamosi, jioni anarudishwa. Jioni hizo, wenzangu, mniache nisizisimulie.

Nawashukuru wanawake hao wanne, jirani yangu akiwamo, wanajijua. Hakuna hata mmoja ambaye angeniweza peke yake. Bado zipo siku nyumba inanilemea, sitawadanganya. Ila ukiwa na jambo, sema unalo. Na wewe uliyeuliza, ukijibiwa hivyo, keti.

Jumamosi iliyopita dada yangu alikuja kumchukua binti, mkoba wa shule haukuonekana. Mtoto akaapa umepotea, na bila mkoba haendi. Mimi niliuona uvunguni mwa kitanda, umefunikwa leso. Dada naye aliuona. Akamaliza chai yake, akajitanda, akarudi Kiembeni peke yake.