Rozari Haiko Msumarini

DANSTAN: Haloo? Ni nani?

LEONIDAS: Ni mimi.

DANSTAN: Baba! Shikamoo. Namba ya nani hii?

LEONIDAS: Ya jirani, Minani. Ana salio dogo, kwa hiyo nijibu haraka. Rozari ya mama yako haiko msumarini.

DANSTAN: Ninayo mimi. Mfukoni.

LEONIDAS: Nilijua! Umefika wapi?

DANSTAN: Nyakanazi. Abiria wanakula. Kesho naripoti kambini, halafu—

LEONIDAS: Mpe binamu yako Deodata, anayefanya kazi hapo mgahawani, airudishe na basi la Ngara. Wewe nenda na bunduki yao. Rozari ya marehemu haiendi vitani.

DANSTAN: Tunaenda kulinda amani, baba. Padre alitubariki Jumapili, wote sita tunaokwenda. Alisema kumkinga mnyonge si dhambi.

LEONIDAS: Padre! Yeye ana mtoto wa kupeleka? Na hao wakubwa, wa kwao wako wapi? Mama yako alikufa anasubiri gari la wagonjwa, tukaambiwa halina mafuta. Ya malori ya jeshi hayakosekani!

DANSTAN: Najua, lakini—

LEONIDAS: Hujui! Amri ya tano inasemaje?

DANSTAN: Usiue.

LEONIDAS: Kuna "isipokuwa" hapo?

DANSTAN: (mtandao unakwaruza) ...unakatika, baba. Unasemaje?

LEONIDAS: Nasema mwaka tisini na nne, mauaji ya Rwanda, nilitoa maiti mtoni, Rusumo. Wengine na rozari shingoni! Na waliowaua walibatizwa kama wewe. Wengine askari!

DANSTAN: Mama aliniambia.

LEONIDAS: Alikuambia nini?

DANSTAN: Kwamba ulirudi ukapiga ukuta ngumi. Ukauliza, kwani hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuwazuia?

LEONIDAS: (kwa Minani) Subiri kidogo, namalizia.

DANSTAN: Baba? Upo?

LEONIDAS: Mama yako alikuwa na mdomo.

DANSTAN: Basi, yaishe. Deodata huyu hapa, nampa. Dereva anapiga honi—

LEONIDAS: Ngoja.

DANSTAN: Gari linaondoka, baba!

LEONIDAS: Usimpe.

DANSTAN: Eti?

LEONIDAS: Usimpe Deodata! Utairudisha mwenyewe. Utaitundika kwa mkono wako. Umesikia?

DANSTAN: Baba, nita—

LEONIDAS: Haloo? Danstan? Haloo! ... We Minani, simu yako imekata! Amesema atafanya nini?